Nikola Tesla: Mwanafunzi Aliyezikataa Cheche

Mada: Sumakuumeme – mota na koili zake

Malengo
Baada ya kusoma sehemu hii, mtahiniwa aweze:
(a) kusimulia kwa ufupi maisha na kazi ya Nikola Tesla;
(b) kutofautisha koili za mota ya mkondo mnyoofu na koili za mota ya mkondo geu;
(c) kutambua koili za mota kwa kutumia vipimo vya ukinzani.

Utangulizi
Watahiniwa wengi wanaweza kuchora mota na kutaja sehemu zake. Wakiulizwa kwa nini koili zimepangwa vile zilivyopangwa, hukwama. Njia nyepesi ya kulielewa jambo hili ni kufuata maisha ya mtu aliyeuliza swali hilo akiwa bado mwanafunzi, akaambiwa haliwezekani, na akalibeba kwa miaka kadhaa mpaka akapata jibu.

1. Kuzaliwa na shule
Nikola Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai 1856 katika kijiji cha Smiljan, kilichokuwa chini ya Dola ya Austria na ambacho leo kiko nchini Kroatia. Wazazi wake walikuwa Waserbia. Baba yake, Milutin, alikuwa kasisi wa Kanisa la Orthodoksi. Mama yake, Đuka, hakupata elimu ya shule, lakini alikuwa na kumbukumbu kali na alijitengenezea vifaa vya kazi za nyumbani. Tesla alipokuwa mtu mzima alisema kuwa kipaji chake kilitoka kwa mama.

Baba alitaka mwanawe awe kasisi kama yeye. Mwaka 1873 Tesla alimaliza masomo ya sekondari katika mji wa Karlovac, akarudi nyumbani na kuugua kipindupindu. Alilala kitandani kwa miezi mingi, na ikafika mahali familia ikakata tamaa. Akiwa katika hali hiyo, baba yake alimwahidi kwamba akipona atampeleka kusoma uhandisi. Alipona, na ahadi ikatimizwa. Mwaka 1875 alijiunga na chuo cha ufundi cha Graz, nchini Austria.

2. Mashine iliyotoa cheche
Huko Graz, profesa wa fizikia aliwaonyesha wanafunzi mashine ya Gramme. Mashine hiyo ilikuwa na waya wa shaba uliosukwa kuzunguka pete ya chuma. Ilipozungushwa kwa nguvu ilitoa umeme, na ilipopewa umeme ilizunguka yenyewe kama mota. Lakini kila ilipozunguka kama mota, brashi zake zilitoa cheche nyingi.

Ili kuelewa cheche hizo, kumbuka jinsi mota ya mkondo mnyoofu inavyofanya kazi. Koili yake iko kwenye sehemu inayozunguka, ambayo mafundi wetu huiita amecha. Upande mmoja wa koili husukumwa juu na upande wa pili husukumwa chini. Baada ya nusu mzunguko pande hizo hubadilishana nafasi, hivyo mkondo katika koili nao lazima ugeuzwe, la sivyo koili itasukumwa kurudi ilikotoka. Kazi ya kugeuza mkondo hufanywa na komyuteta, yaani pete ya shaba iliyokatwa vipande, ambayo husuguana na brashi. Kila brashi inapoacha kipande kimoja na kugusa kingine, mkondo hukatwa na kugeuzwa, na hapo ndipo cheche hutokea. Hata leo, ukichungulia matundu ya drili ya mkononi inapofanya kazi, utaona cheche za namna hiyo.

Tesla alisema darasani kwamba komyuteta inaweza kuondolewa kabisa. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake, profesa alitumia kipindi kizima kuthibitisha mbele ya wanafunzi wote kwamba wazo hilo haliwezekani. Kijana huyo hakuwa na jibu la kutoa. Alichokuwa nacho ni hisia tu kwamba profesa amekosea.

3. Kuanguka
Hapa mtahiniwa asome kwa makini, kwa sababu vitabu vingi huiruka sehemu hii. Mwaka wa kwanza Tesla alisoma kwa bidii kubwa na kupata alama za juu sana. Baadaye aliingia katika kamari, akapoteza fedha na kuacha kusoma. Mtihani ulipofika hakuwa amejiandaa. Aliondoka Graz mwaka 1878 bila shahada, na kwa muda hakuwaambia hata ndugu zake alikokwenda. Baba yake alifariki mwaka 1879. Mwaka 1880 Tesla alikwenda Prague na kuhudhuria mihadhara ya chuo kikuu bila kuwa mwanafunzi aliyesajiliwa. Hakupata shahada huko pia.

Kwa hiyo kipaji hakikumkinga. Kosa lake lilimfuata: alipotafuta kazi alianza na vibarua vidogo, na miaka kadhaa ilipita kabla watu wenye mitaji hawajamsikiliza. Lakini swali la cheche hakuliacha.

4. Jibu la Budapest
Mwaka 1881 Tesla alipata kazi ya simu huko Budapest, Hungaria. Mwezi Februari 1882 alikuwa akitembea katika bustani ya mji huo pamoja na rafiki yake, Antal Szigety, ndipo jibu lilipomjia. Alisimulia baadaye kwamba alichukua kijiti na kumchorea mwenzake mota nzima kwenye udongo.

Wazo lenyewe lilikuwa hili. Katika mota ya zamani, sumaku ilisimama na koili ikazunguka, kwa hiyo ilibidi mkondo upelekwe kwenye kitu kinachozunguka. Tesla aligeuza mpango huo. Koili zenye kupewa umeme zisimame, na uga wa sumaku ndio uzunguke.

Je, uga utazungukaje wakati koili zimesimama? Fuata hatua hizi:

Hatua ya 1: Weka jozi mbili za koili kuzunguka duara. Jozi A ikae juu na chini, jozi B ikae kushoto na kulia.
Hatua ya 2: Zipe jozi hizo mikondo geu miwili isiyokwenda pamoja. Mmoja utangulie mwingine kwa robo ya duru.
Hatua ya 3: Mkondo wa A unapofika kileleni, wa B ni sifuri. Sumaku inaelekea juu.
Hatua ya 4: Robo duru baadaye, A ni sifuri na B imefika kileleni. Sumaku inaelekea pembeni.
Hatua ya 5: Robo nyingine, A iko kileleni lakini kinyume. Sumaku inaelekea chini. Kisha B nayo hufika kileleni kinyume, na sumaku huelekea upande wa pili.

Hivyo katika kila duru moja ya mkondo, uga wa sumaku umezunguka duara zima, ingawa hakuna koili hata moja iliyosogea. Huu huitwa uga wa sumaku unaozunguka.

Katikati ya duara aliweka rota, yaani kiini cha chuma chenye koili zilizofungwa zenyewe kwa zenyewe, zisizounganishwa na waya wowote wa nje. Uga unapozikata koili hizo, mkondo huzaliwa ndani yake kwa sheria ya Faraday. Kwa sheria ya Lenz, mkondo huo hupinga chanzo chake. Chanzo ni uga kuiacha rota nyuma, kwa hiyo rota huanza kuukimbiza uga. Haiwezi kuufikia kabisa, maana ikiufikia hakuna tena kinachokatwa, na mkondo wa rota hufa. Ndiyo sababu rota huzunguka polepole kidogo kuliko uga. Komyuteta haikuhitajika, wala brashi, wala hapakuwa na cheche.

5. Kutoka wazo hadi mota
Kuwa na wazo ni jambo moja, na kupata mtu wa kulilipia ni jambo jingine. Mwaka 1882 Tesla alikwenda Paris kufanya kazi katika kampuni ya Edison iliyokuwa huko. Mwaka 1883, akiwa kikazi mjini Strasbourg, alitengeneza mota yake ya kwanza ya majaribio, lakini hakupata wawekezaji. Mwaka 1884 alivuka bahari hadi New York na kuajiriwa katika karakana ya Edison. Baada ya miezi kama sita aliacha kazi, na kwa maelezo yake sababu ilikuwa malipo aliyodhani ameahidiwa.

Kisha alianzisha kampuni ya taa pamoja na wawekezaji huko New Jersey. Aliiandikia kampuni hiyo hataza zake, yaani haki zake za uvumbuzi. Taa zilipokamilika, wawekezaji walimwacha nje. Hakuwa na kampuni, na uvumbuzi wake haukuwa tena mali yake. Kati ya mwaka 1886 na 1887, mtu aliyekuwa na mota mpya kichwani alikuwa akichimba mitaro New York kama kibarua ili apate chakula.

Mwezi Aprili 1887 alipata bahati ya pili. Alfred Brown na Charles Peck walikubali kumfadhili, na maabara ikafunguliwa. Tarehe 1 Mei 1888 alipewa hataza za Marekani kwa mota zake, na tarehe 16 Mei mwaka huohuo akazieleza mbele ya taasisi ya wahandisi wa umeme jijini New York. Mwezi Julai, George Westinghouse alinunua haki ya kuzitengeneza, kwa makubaliano yaliyojumuisha malipo ya dola 2.50 kwa kila nguvu farasi.

Angalizo la mtihani: Usiandike kwamba Tesla aligundua mkondo geu. Mkondo geu ulikuwepo kabla yake. Tena, Mwitalia Galileo Ferraris alitengeneza mota ndogo ya uga unaozunguka mwaka 1885 na kuchapisha kazi yake Machi 1888. Ferraris alidhani mota ya aina hiyo haiwezi kuwa na ufanisi wa kutosha kwa matumizi. Mwaka 1889 Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, akifanya kazi Ujerumani, alitengeneza mota ya awamu tatu yenye rota ya fito. Katika rota hiyo hakuna waya uliosukwa. Kuna fito za metali zilizounganishwa na pete kila mwisho. Mota nyingi za viwandani leo zinafuata mpango wake.

6. Mafanikio na miaka ya mwisho
Mwaka 1893 kampuni ya Westinghouse iliwasha taa za maonyesho makubwa ya Chicago kwa mkondo geu. Huko Tesla alionyesha yai la shaba likizunguka na kusimama wima ndani ya uga wake, bila kuguswa na kitu. Mwaka 1895 mitambo ya maporomoko ya Niagara ilianza kutoa umeme kwa mpango wa awamu mbili, na Novemba 1896 umeme huo ukafika mji wa Buffalo.

Tesla hakutajirika kwa kadiri ya kazi yake. Kampuni ya Westinghouse ilipoelemewa na madeni, alikubali kuachia malipo ya kila nguvu farasi. Machi 1895 maabara yake iliteketea kwa moto pamoja na vifaa vyake. Baadaye alitumia fedha nyingi kutafuta njia ya kusafirisha umeme bila waya. Mnara alioanza kuujenga karibu na New York mwaka 1901 haukukamilika, na ulibomolewa mwaka 1917. Mwaka huohuo alipewa Medali ya Edison na wahandisi wenzake. Aliishi hotelini peke yake, akilisha njiwa, mara nyingi akiwa na madeni. Alifariki jijini New York tarehe 7 Januari 1943 akiwa na umri wa miaka 86.

Mwaka 1960 kizio cha msongamano wa uga wa sumaku kiliitwa tesla, kwa alama T. Kwa hiyo kila mtahiniwa anayekokotoa kani juu ya waya uliomo kwenye uga wa sumaku huandika jina la mwanafunzi aliyeondoka Graz bila shahada.

7. Kutambua koili za mota
Maswali ya vitendo huhitaji mtahiniwa atambue koili. Kabla ya kupima chochote, kata umeme, chomoa mota na hakikisha kapasita imemaliza chaji yake. Ukinzani haupimwi kwenye mota yenye umeme.

(i) Mota yenye komyuteta: Ukiona pete ya vipande na brashi za kaboni, kuna koili kwenye amecha, na kila koili imeunganishwa na vipande vya komyuteta. Hii ndiyo aina aliyoiona Tesla darasani.

(ii) Mota ya awamu tatu, kama ile ya mashine kubwa ya kusaga nafaka: Koili zinazopewa umeme ziko kwenye stata, yaani sehemu isiyozunguka. Kisanduku chake huwa na ncha sita: U1, U2, V1, V2, W1 na W2. Zikiwa zimetenganishwa, kila koili huonyesha njia ya umeme kati ya ncha zake mbili tu, hivyo utapata jozi tatu. Ukinzani wa koili zote tatu ukaribiane. Mmoja ukiwa mdogo kuliko mingine, huenda baadhi ya mizunguko ya waya imegusana. Mita ikionyesha njia kati ya koili na bodi, kihami kimeungua na mota inahitaji kusukwa upya.

(iii) Mota ya awamu moja, kama ya pampu ndogo au friji: Mkondo mmoja peke yake hauwezi kuzungusha uga kutoka kusimama. Tesla alitatua hili pia, kwa kuugawa mkondo mmoja katika koili mbili zisizofanana ili mikondo yake ipishane. Koili ya kuendeshea husukwa kwa waya mnene na ukinzani wake ni mdogo. Koili ya kuwashia kwa kawaida husukwa kwa waya mwembamba na ukinzani wake ni mkubwa zaidi. Mara nyingi huongezwa kapasita ili mkondo wa koili ya kuwashia utangulie zaidi. Ndiyo maana feni iliyoharibika kapasita hunguruma bila kuzunguka, lakini ukiisukuma kidogo huanza kwenda.

Mfano uliofanyiwa kazi
Mota ya awamu moja ina ncha tatu: P, Q na R. Vipimo vya ukinzani ni: P na Q, ohm 16, P na R, ohm 12, Q na R, ohm 4. Tambua kila ncha.

Jibu: Koili mbili zinakutana kwenye ncha moja ya pamoja. Kipimo kikubwa kuliko vyote hupatikana pale mkondo unapopita koili zote mbili kwa mfuatano. Kipimo hicho ni cha P na Q, hivyo R, ncha iliyobaki, ndiyo ya pamoja. Kati ya R na Q kuna ohm 4, kwa hiyo hiyo ni koili ya kuendeshea. Kati ya R na P kuna ohm 12, kwa hiyo hiyo ni koili ya kuwashia. Hakiki: 4 + 12 = 16. Vipimo vinakubaliana.

Mambo ya kukumbuka
• Mota ya mkondo mnyoofu: koili ya amecha huzunguka, na komyuteta hugeuza mkondo wake.
• Mota ya Tesla: koili za stata zimesimama, uga ndio unaozunguka.
• Rota hupata mkondo kwa kuzalishiwa, si kwa kuunganishwa na waya wa nje.
• Ukibadilishana waya mbili zozote za mota ya awamu tatu, mota hugeuza upande wa kuzunguka.
• Tarehe muhimu: 1856 kuzaliwa, 1882 wazo la Budapest, 1888 hataza, 1896 umeme wa Niagara kufika Buffalo, 1943 kifo, 1960 kizio cha tesla.

Maswali ya marudio
1. Eleza kwa nini brashi za mashine ya Gramme zilitoa cheche ilipozunguka kama mota.
2. Kwa kutumia michoro minne, onyesha mwelekeo wa uga wa sumaku katika kila robo duru kwenye stata yenye jozi mbili za koili.
3. Kwa nini rota ya mota ya Tesla haiwezi kuzunguka kwa kasi ileile ya uga? Taja sheria mbili zinazohusika.
4. Mwanafunzi amepima ncha tatu za mota ya awamu moja na kupata: 1 na 2, ohm 9, 2 na 3, ohm 30, 1 na 3, ohm 21. Taja ncha ya pamoja, koili ya kuwashia na koili ya kuendeshea. Toa sababu.
5. Fundi amepima koili tatu za mota ya awamu tatu na kupata ohm 5.1, ohm 5.0 na ohm 2.3. Ungemshauri nini, na kwa nini?
6. Mwanafunzi mwenzako anasema kwamba Tesla peke yake ndiye aliyevumbua mota ya mkondo geu. Msahihishe kwa kutaja watu wawili na mchango wa kila mmoja.
7. Kwa kutumia habari uliyosoma, eleza makosa mawili ya Tesla yaliyochelewesha mota yake kufika kwa watumiaji, na jambo moja lililomfanya afanikiwe hata hivyo.

Dondoo za majibu: Swali la 4: ncha ya pamoja ni 1; koili ya kuendeshea iko kati ya 1 na 2, na ya kuwashia kati ya 1 na 3; hakiki 9 + 21 = 30. Swali la 5: koili ya tatu ina ukinzani mdogo mno, dalili kwamba baadhi ya mizunguko yake imegusana, mota isiwashwe kabla ya kukaguliwa na kusukwa upya.